Siku Niliyokadiria Kilo za Baba Mkwe

Nyumbani kwetu Kitale nilikuwa naitwa redio. Mama ndiye aliyenibandika jina hilo nikiwa darasa la pili, na ndugu zangu wakalishika kwa furaha, kwa sababu sikujua kunyamaza. Mwalimu akikosea hesabu ubaoni, nilisema. Mchungaji akirudia mahubiri ya Jumapili iliyopita, nilisema, tena kabla ya "amina." Nimechapwa kwa ajili ya mdomo huu, na kazi niliyo nayo nimeipata kwa mdomo huu huu. Kwa hivyo nikiwaambia watu wanaonijua kwamba siku moja nilinyamaza, na kunyamaza kwenyewe nusura kuue watu kumi, kwanza wao hucheka. "Wewe? Unyamaze? Wacha, bana."

Kazi yangu ni mizani. Kampuni yetu ni ndogo, ina ndege moja ya viti tisa vya abiria inayotoka Kitale kwenda Nairobi na kurudi, na mimi ndiye ninayepima kila kinachopanda: masanduku, maboksi ya parachichi, na watu wenyewe. Kila abiria husimama juu ya mizani na mkoba wake mkononi, nasoma namba, naiandika kwenye karatasi ya uzito, halafu nampangia kiti kulingana na hesabu, maana ndege hiyo ikilemewa nyuma ni hatari kuliko hata ikilemewa kote. Karatasi naipeleka kwa kapteni. Yeye hana mizani nyingine. Anachojua kuhusu uzito wa ndege yake ni kile nilichoandika mimi.

Watu hawapendi kupimwa. Wanaume hujifanya wanacheka, akina mama hunong'ona, "Andika sabini tu dada, si unajua mambo." Huwa nawajibu bila kupunguza sauti kwamba ndege haijui mambo. Kitale iko juu. Kapteni alinieleza siku yangu ya kwanza kwamba huku kwetu hewa ni nyepesi kama uji wa mgonjwa, na jua la mchana likiwaka inazidi kuwa nyepesi, na mabawa yanataka hewa ya kushika. Lami yetu ya kurukia ndege ikiisha kuna ua wa waya, baada ya waya ni mahindi ya watu, na baada ya mahindi ni barabara.

"Kilo peke yake haina shida," aliniambia. "Shida ni ile kilo ambayo sijui kama iko."

Huyo kapteni ni mtu mzima, mvi zimemjaa, na maneno yake kwa siku unaweza kuyahesabu. Lakini kuna swali moja ambalo hakosi kuliuliza. Kila safari, nikishampa karatasi, ananitazama usoni: "Kuna kitu hujaniambia?" Mwanzoni lilinikera sana. Niliona ananichukulia kama mwizi wa kilo, nikawa namjibu "Hakuna" huku nimebinua midomo. Miaka ilivyokwenda likawa kama "habari ya asubuhi." Kabla hajamaliza kuuliza, nimeshamjibu.

Kuna wakati kampuni ilituletea mwalimu kutoka Nairobi, siku mbili nzima, atufundishe kwa nini watu hukosea kwenye kazi ya ndege. Alisema mara nyingi si chuma kinachoangusha ndege, ni binadamu, tena binadamu mzuri mwenye nia njema. Akataja uchovu, haraka, mazoea, kelele, mtu kuogopa kumsahihisha mkubwa wake. Mimi niliandika yote kwenye daftari kwa kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Nilipofika kwenye hilo la kuogopa wakubwa nilicheka kimoyomoyo, nikajiambia hilo halinihusu. Mkwe hakumtaja.

Sasa lazima nieleze habari za wakwe zangu, maana bila hiyo upumbavu wangu hautaeleweka. Wazazi wangu walikuja Trans-Nzoia kulima, wakitokea kati mwa Kenya. Kwetu baba mkwe unampa mkono, unamwekea chai, mnaongea habari za mvua na mbolea. Mimi nikaolewa Bungoma, upande wa Sirisia, na huko nikakuta mambo mengine kabisa. Baba mkwe na mke wa mtoto wake hawashikani mikono. Hawakai kwenye kochi moja. Hawatazamani usoni. Mzee akiingia kwa mlango wa mbele, wewe unatoka kwa mlango wa jikoni, na mkipatana njiani mmoja anaingia majanini. Akitaka kukwambia jambo, anamwambia mtu mwingine wewe ukiwa unasikia. Kama hakuna mtu, anaiambia miti.

Mwaka wa kwanza niliona huo ni upuuzi na nikamwambia mume wangu hivyo hivyo. Alinijibu kwamba si chuki, ni heshima, na kwamba baba yake akiniona nikikimbilia jikoni anafurahi kuliko nikimpikia kuku. Nikazoea. Na nikija kusema kweli, nilikuja kumpenda yule mzee kwa njia hiyo ya kupishana milango. Ana kisiagi cha mahindi pale Sirisia, na wanawake hutembea kutoka mbali wakipita visiagi viwili njiani ili wasagiwe na yeye, kwa sababu ya mizani yake. Kila asubuhi kabla ya kufungua hupima jiwe moja analolijua uzito wake, na namba isipotoka sawasawa hafungui. Nilikuwa nikiona hayo kupitia dirisha la jikoni. Nilijiambia, huyu mzee na mimi ni watu wa kazi moja, ila hatutawahi kuizungumza.

Kitinda mimba wake, msichana anayefanya kazi Nairobi, akapata mchumba. Arusi ikapangwa Jumamosi, huko huko Nairobi. Mzee miguu humvimba akikaa garini muda mrefu, basi binti akasema baba yake atakuja kwa ndege, na si yeye tu, wazee wote wa ukoo waje kwa ndege: baba, mama, baba wadogo wanne na shangazi watatu. Tisa. Ndege nzima. Mume wangu na watu wengine walitangulia kwa barabara. Mimi nikabaki kwa sababu nilikuwa kazini Ijumaa hiyo, na ningewafuata asubuhi yake. Niliona fahari, sitaficha. Wakwe zangu wote wanapanda ndege ambayo mimi ndiye mwenye karatasi yake.

Walifika saa saba mchana, jua kali, wamevaa makoti. Makoti mazito ya baridi, wanaume wote, na akina mama wamejifunga leso juu ya leso hadi viuno vimekuwa kama mapipa. Nilidhani ni baridi ya Nairobi wameisikia kwa watu. Mabegi yao niliyapima, na hakuna hata moja lililozidi kilo kumi na tano. Nikawasifu. Mama mkwe akacheka cheko fulani, akafunika mdomo kwa mkono.

Ikaja zamu ya watu. Mzee ndiye mkubwa, kwa hivyo ndiye wa kwanza. Alikuja mpaka hatua tatu kutoka kwenye mizani, akaniona niko pembeni yake na kalamu, akasimama. Akavua kofia. Akageuza uso akatazama mahindi yaliyo ng'ambo ya ua. Na mimi mwili wangu, bila kuniuliza, ukageuka ukatazama ukuta.

Tulikaa hivyo. Kwa desturi ilikuwa wazi kabisa: mmoja wetu alitakiwa kuondoka, na yeye ndiye mzee, basi ni mimi. Lakini mimi ndiye mizani. Ningemwambiaje apande? Nisome kilo za mwili wa baba mkwe wangu, nizitamke, niziandike, mbele ya ndugu zake na dada zake? Kwa watu wale ni afadhali ningemvua viatu. Mtu ambaye angenisaidia ni askari wetu wa getini, mtu wa makamo mwenye utani mwingi, lakini alikuwa ameenda kufukuza ng'ombe walioingia kwenye lami, kama kila Ijumaa. Kapteni alikuwa nje anakagua ndege. Nyuma ya mzee walikuwa wamepanga foleni watu wanane, na shangazi mmoja akasema kwa sauti ya kunong'ona inayosikika, "Ati tutapimwa kama watoto wa kliniki?"

Nikasogea pembeni. Nikasema, nikiwa bado natazama ukuta, "Pitieni tu, wazee wangu. Karibuni." Mzee akapita bila kupanda mizani. Na kama yeye hakupimwa, ningempimaje mdogo wake? Wote wakapita. Mimi nikaandika kwa macho. Mzee nikampa sabini na tano. Baba wadogo, sabini na mbili, sabini na nane, namba za kupendeza, zisizofanana ili zionekane za kweli. Mama mkwe sitini na nane. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Wakati mzee anapanda ngazi ya ndege, pindo la koti lake liligonga chuma. Likalia ko! Si sauti ya kitambaa. Nikaisikia, na nikajua nimeisikia.

Kapteni akaja, akachukua karatasi, akaipitisha macho. "Kuna kitu hujaniambia?"

"Hakuna."

Akaenda.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini hawakusema lolote kuhusu ulimi uliokataa kabisa kutembea. Milango ikafungwa. Injini ikawashwa. Nilisimama mahali pangu na fulana yangu ya manjano ya kung'aa, na nikaona mkia. Nimeiona ndege ile ikiwa imejaa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, najua inavyokaa. Siku hiyo mkia ulikuwa umekaa chini, na mguu wa gurudumu la mbele umenyooka juu, kana kwamba ndege inataka kuketi. Nikafikiria ua wa waya. Nikafikiria mahindi. Kisha nikamfikiria mama mkwe akicheka na mkono mdomoni, na lile koti lililolia ko!

Niliogopa. Niseme wazi: wakati ule sikuogopa ndege kuanguka kama nilivyoogopa kuisimamisha. Ndege ikianguka, ni mambo ya Mungu, watu wangelia pamoja na mimi. Nikiisimamisha, ni mimi. Nilisimama nikipima hayo mawili kama mtu mwenye akili timamu. Nikikumbuka huwa naona aibu hadi masikio yanapata moto.

Halafu nikakimbia, nikazunguka mbali na panga la injini linalozunguka mbele, nikajitokeza mahali ambapo kapteni hawezi kukosa kuniona, nikainua mikono yote miwili nikaipishanisha juu ya kichwa. Hiyo ndiyo ishara ya kusimama. Nilikuwa napiga kelele pia, kwa mazoea. Hakuna aliyesikia, injini ilikuwa inanguruma. Redio nzima, na siku ya haja ni mikono iliyosema.

Panga likapunguza mwendo, likasimama. Kapteni akashuka.

"Ni nini?"

"Sijawapima."

Akaitazama karatasi. "Na hizi namba?"

"Za kichwani."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alifungua mlango, akawaambia abiria kwa upole washuke wote, kuna jambo la kusahihisha kabla ya kuondoka.

Askari alikuwa amerudi, na yeye ndiye aliyewapima, mimi nikiwa nimesimama kwenye kona kama mtoto aliyejikojolea. Hapo ndipo makoti yalipofunguliwa. Wazee walikuwa wamesikia kwamba ndege hupima mabegi, na hakuna aliyewaambia kwamba inapima watu. Basi wakaenda kwa fundi mmoja wa nguo pale Sirisia, na fundi akawashonea mifuko ya ndani, safu kwa safu, kila koti. Ndani yake mlikuwa na sukari nguru, vipande kwa vipande. Mlikuwa na simsim, uyoga mkavu, na ndani ya leso za akina mama mlifungwa unga wa wimbi kuzunguka kiuno chote, ili binti anyweshwe uji wa nyumbani baada ya arusi. Askari akawa anazitoa na kuzipanga sakafuni. "Wazee wangu," alisema, "mficha uchi hazai, na mficha kilo haruki." Baba wadogo wakacheka. Shangazi wakacheka. Kati ya karatasi yangu na ukweli kulikuwa na kilo zaidi ya mia mbili, na nyingi zilikuwa zimekaa nyuma.

Mzee hakucheka. Alitoa kipande kimoja kimoja cha sukari nguru kwa mkono wake, akakiweka chini. Mwanamume ambaye kwa miaka yote hiyo hajawahi kumwibia mtu kikombe cha unga, anasachiwa mbele ya dada zake, na aliyesababisha ni mke wa mtoto wake. Askari alipomwonyesha mizani, alivaa kofia. Akamwambia mkewe, "Nendeni. Salimieni mtoto." Kisha akatembea kuelekea getini.

Walimfuata, wakamsihi. Kapteni mwenyewe alimfuata. Lakini mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Cherang'any, na muda ulikuwa unakwisha. Mama mkwe akalia kidogo, akafuta machozi, akasema, "Mtoto hawezi kutukosa sisi wote wawili." Akapanda. Ndege ikaondoka na watu wanane, ikaruka mapema, nusu ya lami tu, nyepesi, vizuri kabisa. Sijawahi kuichukia kama siku hiyo.

Mzee akakaa kwenye benchi la getini akisubiri gari la kumrudisha Sirisia. Alikaa muda wa saa tatu. Sikuweza kwenda kumwomba msamaha, desturi haina njia ya hilo. Nilipika chai, nikaiweka kwenye stuli umbali wa hatua kumi, nikarudi ndani. Nilipochungulia baadaye, gari lilikuwa limeshamchukua na chai ilikuwa imeota ngozi juu.

Jumamosi yule binti alitembezwa kanisani na baba yake mdogo. Mimi sikwenda.

Jumatatu kapteni aliniita. Nilikwenda nikiwa nimeshavua fulana ya kazi na kuikunja, nimwachie. Hakuitazama. Hakuniuliza "kwa nini ulifanya hivyo," aliniuliza "ilikuwaje," na mtu akikuuliza hivyo unajikuta unaeleza. Nikaeleza yote, milango ya jikoni, kofia, ukuta. Akasikiliza hadi mwisho.

"Ungeniambia tu ni baba mkwe wako."

"Ungefanya nini?"

"Ningempima mimi. Mimi si mkwe wa mtu hapa."

Lilikuwa jambo dogo hivyo. Kisha akanionyesha ripoti aliyoandika. Aliandika kosa langu, bila kulipamba. Aliandika pia kwamba nilisimamisha ndege. Na chini aliandika kosa lake mwenyewe: kwamba swali lake la kila siku lilikuwa limegeuka salamu, analiuliza bila kungoja jibu. Tangu hapo karatasi yetu ya uzito ina mstari mpya wa kuandika kama abiria yeyote ni mtu ambaye mpimaji hawezi kumpima, na kapteni akiuliza swali lake hukaa kimya, kalamu mkononi, hadi umtazame. Nilipewa fulana yangu.

Nyumbani hakukuwa na ripoti. Mume wangu alirudi kutoka arusini, akakaa siku mbili bila neno, siku ya tatu akalitoa. "Ulimshusha baba yangu kwenye ndege."

"Nilimshusha akiwa mzima," nikamwambia.

Akatoka nje. Sikujivunia jibu hilo, ijapokuwa lilikuwa kweli. Binti aliyeolewa hakupokea simu zangu. Picha za arusi zilitumwa kwa kila mtu, na mimi nikaziona kwenye simu ya jirani.

Desemba tulikwenda Sirisia kama kawaida. Nilipika kwa wiki nzima bila kuinua kichwa. Siku moja asubuhi nilikuwa nikichambua maharagwe chini ya dirisha, na kule kwenye kisiagi mwanamke mmoja alikuwa na haraka. Umeme ulikuwa unataka kupotea na foleni ni ndefu. Nikamsikia akisema, "Baba, hii ni debe moja tu, kadiria tu tuendelee."

"Mimi sikadirii," mzee akasema.

Alikuwa anajua niko wapi, mzee yule daima anajua niko wapi, ndiyo maana hatugongani. Mashine ilikuwa imezimwa na kila kitu kimetulia. Nami niliacha maharagwe. Akasema tena, polepole, si kwa yule mwanamke. "Mtu wa mizani hakadirii. Akikadiria, arudi apime." Kisha akawasha mashine.

Niliingia jikoni nikalia hadi mama mkwe akaniuliza kama ni moshi. Nikamwambia ndiyo, ni moshi.

Mvua za kwanza za mwaka uliofuata, binti akajifungua. Wazee wakaalikwa kumwona mtoto, wawili tu safari hii, mzee na mkewe, kwa ndege ile ile. Nilipoona orodha ya abiria nilikwenda moja kwa moja kwa askari, nikamwambia hao wawili utawapima wewe. Nikaujaza ule mstari kwenye karatasi. Nikajiandaa kukaa chumba cha nyuma mpaka wapande.

Walikuja asubuhi, jua bado changa. Mzee alivaa shati la mikono mifupi. Mama mkwe akaja mpaka nilipokuwa nimejificha, akanitia kikaratasi mkononi, bila kueleza. Kilikuwa kipande cha mfuko wa unga, kimeandikwa kwa kalamu ya risasi, herufi kubwa: KIRO 89. BILA KOTI.

Mzee alikuwa amejipima kwenye kisiagi, kwa mizani ya mahindi.

Nikasikia askari akimwambia, "Mzee, panda hapa nikupime."

Na mzee akasema, kwa sauti ya kufika chumba cha nyuma, "Mwambie mwenye mizani aje. Yeye ndiye anajua kusoma."

Sijui nilitembeaje. Nilitoka nikitazama chini, nikaviona viatu vyake vya ngozi, vimepakwa rangi vizuri, vikipanda juu ya bamba la mizani. Yeye aligeuza uso kuelekea mahindi, ambayo wakati ule yalikuwa yameota tu, majani mawili mawili. Mimi nilitazama namba. Tulisimama hivyo, hatua mbili baina yetu, hakuna aliyemwona mwenzake, na namba ikatulia kwenye themanini na tisa.

"Themanini na tisa," nikasoma, kwa sauti ya kawaida ya kazi.

"Yangu haidanganyi," akayaambia mahindi, na akashuka.

Walipokwisha kukaa, kapteni akaja akachukua karatasi. Akaisoma yote, pamoja na ule mstari. Akainua kichwa, kalamu mkononi.

"Kuna kitu hujaniambia?"

"Kuna," nikasema. "Hapo nimeandika mzee wa kiti cha pili hawezi kupimwa na mimi. Futa. Ni baba mkwe wangu, na nimempima mwenyewe."